Naombaje nyaraka za ushuru na mkataba wa mtaro wa soko letu kutoka halmashauri?

mama_kizimba
Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mimi nauza dagaa na sato kwenye soko moja la kando ya ziwa hapa mkoani Mwanza, soko silitaji na halmashauri siitaji, naomba mnielewe. Kila siku tunalipa ushuru kwa ile mashine, risiti zangu nimezitunga kwenye waya tangu mwaka juzi zimejaa mpaka waya umepinda. Mwaka jana tukaitwa tukaambiwa pesa imetengwa ya mtaro wa kutoa maji machafu, mafundi wakaja kweli, wakachimba, wakajenga mawe upande mmoja kama hatua arobaini hivi halafu wakaondoka hawajarudi. Ile mifuniko ya zege mpaka leo imeegemezwa kwenye ukuta wa choo. Maji ya kuoshea samaki yanatuama palepale, inzi ndo usiseme, na mwezi uliopita mtoto wa mwenzangu katumbukia humo kachubuka mguu wote.

Sasa sisi akina mama kumi na moja tumekaa tukasema tusilalamike tu, tujue kwanza pesa ilikuwa shilingi ngapi, kapewa nani, na ushuru wetu kwa mwaka unafika ngapi. Nimeenda mara tatu. Kwanza nikaambiwa nenda kwa mtendaji wa kata, mtendaji akasema hayo yako halmashauri, huko halmashauri kijana wa mapokezi akaniuliza "wewe kama nani?" Nilikosa jibu nikarudi zangu, na hilo swali linanisumbua mpaka leo. Hivi mtu kama mimi naruhusiwa kuomba hizo karatasi au mpaka uwe mwandishi wa habari au mwanasheria? Na naanzia wapi?

igoma_stendi
Pole sana dada. Mtafuteni diwani wenu, yeye anaingia kwenye vikao anaona makabrasha yote.

mama_kizimba
Diwani tumempigia, anasema analifuatilia. Ndo maana nataka karatasi yenyewe nishike mkononi.

mtendaji_mstaafu
Marahaba mama. Nimefanya kazi ya utendaji wa kata miaka mingi huku kanda ya ziwa, kwa hiyo hizo barua nimezipokea mimi mwenyewe, acha nikueleze ilivyo.

Lile swali la "wewe kama nani" jibu lake ni "kama raia wa Tanzania", basi, hakuna cheo kingine kinachohitajika. Katiba ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, halafu ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wenyewe. Halmashauri ni mamlaka ya umma kwa hiyo imo. Kila taasisi inatakiwa iwe na afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa, kwenye halmashauri nyingi ni yule afisa habari, na wakipokea ombi lako la maandishi wana siku 30 za kukujibu kama taarifa ipo na kama utapewa.

Kosa ulilofanya, na si wewe tu, karibu kila mwananchi aliyekuja ofisini kwangu alifanya hilohilo, ni kuuliza kwa mdomo. Ukiuliza kwa mdomo hakuna kitu kilichotokea pale ofisini. Hakuna faili, hakuna tarehe, yule kijana akihamishwa kesho na wewe umefutika. Andika barua. Kiswahili cha kawaida kabisa, mwandikie Mkurugenzi, chini yake andika "kwa uangalizi wa Afisa Habari", halafu kichwa YAH: MAOMBI YA KUPATIWA TAARIFA. Jina lako, anwani yako na simu visikosekane. Piga nakala mbili, usiende nayo kwa mtu unayemfahamu, nenda MASJALA, ile ofisi ya kupokea na kutunza barua. Nakala moja wanabaki nayo, ya pili mwambie akugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asipotaka kugonga kaa hapohapo kwa upole mpaka agonge. Ule muhuri ndo unaoanza kuhesabu siku 30, bila muhuri huna siku hata moja.

Na jambo la pili, hili ndo watu wanaangukia. Usiandike "naomba taarifa za matumizi ya soko". Hiyo haina mwisho, afisa ataizungusha mpaka uchoke, na mara nyingine si ubaya wake, kweli hajui akutolee kabati gani. Taja karatasi kwa jina lake na kipindi chake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai kwa hiyo usiseme mwaka jana, taja mwaka wa fedha upi. Mkataba wa ujenzi wa mtaro. BOQ yake, yaani lile jedwali la kazi na bei, hapo ndo utaona mtaro ulitakiwa kuwa mita ngapi, hizo hatua zako arobaini utazilinganisha na kitu. Hati za malipo aliyolipwa fundi mpaka sasa. Na taarifa ya mapato ya ushuru wa soko lenu kwa mwezi, mweka hazina anayo maana makusanyo yote ya mashine yanaingia kwenye mfumo.

nyakato_kwetu
Mzee kamaliza, naongezea tu. Kabla ya barua hakikisha nani mwenye huo mradi dada, maana sisi mtaani kwetu tulihangaika miezi na ofisi ambayo siyo, kumbe barabara na mitaro yake ilishahamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017, halmashauri walikuwa hawana hata hilo faili. Barabara kuu ni TANROADS, maji safi na maji taka ya mjini ni MWAUWASA. Na hapa mjini kuna watu hawajui kabisa kwamba Nyamagana iko chini ya Jiji la Mwanza lakini Ilemela ni manispaa inayojitegemea tangu 2012, kwa hiyo mtu wa Kirumba akipeleka barua Jiji kapotea njia. Wa kwako uko ndani ya soko na ushuru ni wa halmashauri kwa hiyo nadhani uko sahihi, ila angalia kama kuna kibao cha mradi pale, hata kama kimeanguka kigeuze usome mwajiri, yaani mwenye mradi, ni nani.

Kingine kuna vitu huhitaji kuviomba, viko wazi. Ripoti za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa zinatoka kila mwaka zikishafika bungeni na zipo kwenye tovuti yao, nyingine kwa Kiswahili. Zabuni sasa hivi zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mwambie kijana wako mwenye simu atafute jina la halmashauri yenu humo. Na baraza la madiwani la kawaida linakaa kila robo mwaka, mwananchi anaruhusiwa kwenda kukaa nyuma akasikiliza, mimi nimeenda mara mbili, ukisikia mradi wako unasomwa unaandika ile tarakimu na tarehe ya kikao halafu kwenye barua unaitaja, hapo hawawezi kukwambia haupo.

mama_kizimba
Mungu awabariki sana, nimesoma yote kwa sauti hapa sokoni wenzangu wanasikiliza. Maswali mawili. Watatudai hela? Na mwenyekiti wetu ndo tunataka aombe yeye maana ni mtu mzima anaheshimika, ila hajui kuandika. Halafu wakikataa je?

mtendaji_mstaafu
Wanaruhusiwa kukutoza gharama ya kutoa nakala, ya kuomba tu hapana. Wakikwambia toa kitu cha mkononi usitoe, omba control number, ile namba ya kulipia serikalini.

Asiyejua kuandika sheria imemkumbuka, anasema kwa mdomo mbele ya afisa na afisa ndo anatakiwa kuyaandika. Ila mama, mwandikieni nyie barua yeye aweke dole gumba, itaenda haraka zaidi.

Wakikataa wadai sababu kwa maandishi. Zipo taarifa wanaruhusiwa kuzizuia, kama usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, mambo binafsi ya mtu, siri za biashara, na pengine watakwambia bei za mkandarasi ni siri ya biashara, mimi sikubaliani nalo kabisa kwa pesa ya umma, lakini ujue linaweza kuja. Hapo unaandika tena kuomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, una siku 30, na usiporidhika unapanda kwa Waziri. Kila hatua ambatanisha ile nakala yenye muhuri. Mimi nimeona barua nyingi zikijibiwa ghafla siku mwananchi aliporudi na nakala yenye muhuri akauliza tu imefikia wapi.

mama_kizimba
Kibao tumekikuta, kilikuwa kimefunika mapipa ya mama lishe. Mwajiri ni halmashauri. Muda wa mradi umeandikwa miezi minne, kiasi cha pesa kimefutika na jua.

Barua mwanangu wa kidato cha tatu ameandika usiku huu, vitu vinne kama mzee alivyovitaja, na mwaka wa fedha. Mwenyekiti ameweka dole gumba, sisi kumi tumesaini chini. Jumatatu tukishauza asubuhi tunaenda masjala watatu, nakala ya pili nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

mtendaji_mstaafu
Vizuri. Piga picha na hicho kibao kabla hakijahama, uiambatanishe. Na siku 30 zihesabu kuanzia Jumatatu hiyo.