Tangu Ijumaa ni wimbo mmoja

Mama Pendo: Jamani, Pendo amejifungia chumbani na simu yangu tangu Ijumaa. Wimbo ni ule ule, msichana wa Kizungu analia. Bando imeisha. Nani anamjua huyu Olivia Rodrigo?

Anti Zawadi: Namjua, dada. Babake ana asili ya Ufilipino. Alianza kama mwigizaji wa vipindi vya Disney. Januari 2021, akiwa na miaka 17, akatoa "drivers license", na Mei ikafuata albamu, SOUR. Nyimbo 11, hata dakika 35 hazifiki.

Anko Juma: Leseni ya gari? Hiyo nayo inaliliwa?

Anti Zawadi: Anko, walipanga akipata leseni awe anaenda kwa kijana. Leseni imepatikana, kijana keshapata mwingine. Sasa anaendesha peke yake mitaa ile ile. Sikiliza mwanzo: ule mlio wa gari mlango ukiwa wazi. Piano inaudaka mdundo huo huo, mlio unageuka wimbo. Mimi hapo nywele husimama.

Pendo: Anti na wewe umesikia hapo 😭😭

Mama Pendo: Kumbe uko macho.

Mama Pendo: Na matusi je? Nimeyasikia.

Anti Zawadi: Yapo, kuanzia wimbo wa kwanza. Singeucheza mbele ya Shosho. Lakini maneno ni yake, aliyaandika na mtayarishaji wake, Dan Nigro. Albamu hiyo na wimbo huo zilimpa tuzo tatu za muziki za Grammy 2022.

Mama Pendo: Mtoto wa miaka 14 analilia nini, Zawadi?

Anti Zawadi: Dada, nikiwa na 14 nililia miezi miwili juu ya kijana wa mtaa wa Jericho, Nairobi. Kila jioni kwa matatu ya 58 nilikaa dirishani nione kama taa ya kwao imewaka. Wewe ukadhani ni malaria, ukanipikia uji. Nikaunywa, nikanyamaza. Sikuwa na maneno hata ya kukwambia wewe.

Mama Pendo: Hukuwahi kuniambia.

Anti Zawadi: Ndio nakwambia sasa. Na msikilize wote wawili ule wa mwisho, "hope ur ok". Hapo anaacha machungu yake, anawaulizia marafiki wa zamani waliolelewa kwa ukali.

Shosho: Mpelekeeni mtoto chai.

Mama Pendo: Nimegonga, amefungua. Amenipa earphone moja niweke sikioni. Tumefika wimbo wa tatu. Zawadi, nimeusikia ule mlio.