Mikopo ya kausha damu (ya kinyonyaji) ya kwenye simu: Benki Kuu, acheni kutuambia "chukueni tahadhari", fungeni namba za malipo za wakopeshaji!

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Habari za biashara za nchi hii zimenichosha. Kila wiki ni yale yale: benki imevunja rekodi ya faida, kampuni changa ya teknolojia ya fedha imepata mwekezaji, Kamati ya Sera ya Fedha imekaa. Riba ya Benki Kuu ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Kila ikiguswa, wachambuzi wanajaa redioni kutufafanulia robo asilimia ina maana gani kwa mwananchi wa kawaida. Sasa mwananchi wa kawaida yuko hapa Soko la Majengo, na analipa zaidi ya asilimia 50. Kwa wiki jamani, si kwa mwaka! Hakuna mchambuzi anayemtaja.

Nazungumzia mikopo ya kwenye simu.

Jirani yangu wa meza hapa sokoni anauza karanga, ubuyu na dagaa. Januari shule zinafunguliwa, mtoto wake anaingia kidato cha kwanza, bweni, hana sare wala godoro. Akakutana na tangazo kwenye simu, Kiswahili kitamu kabisa: pesa ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Akajaza, akapiga picha kitambulisho cha NIDA, akaomba laki moja. Ikaingia elfu 70. Elfu 30 wameikata juu kwa juu, wanaiita ada ya huduma. Siku ya saba anatakiwa arudishe laki moja na elfu saba.

Pigeni hesabu wenyewe. Mtu amepokea 70,000, anarudisha 107,000, yaani 37,000 juu kwa siku 7. Ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa elfu 70 hiyo ni shilingi 2,450, tena kwa mwezi mzima. Huyu mama kwa wiki moja ametozwa mara 15 ya hapo. Huo ni wizi, na neno hilo naliandika nikiwa na akili zangu timamu.

Januari hapa Majengo hakuna hela, kila anayefanya biashara Dodoma anajua. Siku ya saba ilipofika hana yote. Jua halijazama, meseji imeingia kwenye simu yangu MIMI:

"Habari. Umeandikwa kama mdhamini wa (wakataja majina yake yote matatu). Mwambie alipe ndani ya saa moja la sivyo picha zake zinasambazwa. Huyu ni TAPELI."

Sijawahi kumdhamini. Namba yangu wameichota kwenye simu yake, kama walivyochota ya mchungaji wake, ya mwalimu wa mtoto, ya mwenyekiti wa mtaa, ya shemeji yake aliyeko Kondoa, mpaka ya fundi aliyewahi kumtengenezea friji. Usiku wakafungua kundi la WhatsApp, wakatusomba wote humo bila kumuuliza mtu. Picha ya kundi ni kile kitambulisho chake. Jina la kundi ni jina lake na neno MWIZI.

Asubuhi yake nimefika sokoni, yeye anapima karanga kwenye kopo. Akaniona na simu mkononi. "Mdogo wangu, na wewe wamekutumia?" Hakuninyanyulia uso. Huyu ni mtu ambaye kila siku namwamkia shikamoo, leo ananiomba radhi mimi kwa meseji ambayo hakuiandika yeye!

Nikamwomba simu niangalie. Tangazo lilikuwa Kiswahili mwanzo mwisho, lakini ukurasa wa masharti ni Kiingereza kitupu, maandishi madogo, chini kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali. Kwenye ruhusa, programu imejitwalia majina na namba zote za watu alizohifadhi, picha, meseji na mahali alipo. Na hakuipakua Google Play, aliletewa kiungo kwa meseji. Hilo lina sababu yake. Tangu Mei 31, 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi kugusa namba za watu na picha zilizo kwenye simu ya mteja, na hairuhusu mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60. Mkopo wa siku 7 haupaswi kuonekana humo hata kidogo. Ndiyo maana kuna wanaopitia kwenye viungo, na kuna wanaoandika siku 91 kwenye maelezo yao, ukishapakua unakuta siku 7.

Sasa asije mtu hapa kuniambia tatizo ni sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, inasema anayekopesha lazima awe na leseni. Agosti 27, 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo maalumu kwa wanaokopesha kidijitali: uwazi wa riba na tozo, namna ya kudai madeni, faragha ya mteja, vyote vimeandikwa. Novemba mwaka huo huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais mwenyewe Aprili 2024. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Karatasi tunazo za kutosha.

Ile orodha ya 69 nilipoiona nilishangilia. Nikawatumia watu wote ninaowafahamu. Lakini isomeni tena lile tangazo: ujumbe wake mkubwa kwa wananchi ni kwamba tujihadhari. Jamani, mama wa karanga ndiye akakague leseni? Iliyomkopesha huyu jirani yangu haimo kwenye orodha kwa jina. Kufungia majina ni kazi isiyoisha, kwa sababu jina ni kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Ile elfu 70 haikuletwa na bodaboda. Iliingia kwenye akaunti yake ya pesa ya simu, ikitokea kwenye akaunti ya kampuni. Marejesho anatakiwa alipe kwa namba ya kampuni. Namba ya kampuni haiokotwi barabarani, wafanyabiashara wenzangu mnajua. Mimi kupata lipa namba ya kibanda tu niliombwa TIN, leseni ya biashara na NIDA. Kampuni inaombwa mpaka usajili wa BRELA na majina ya wakurugenzi. Na aliyewapa hiyo namba naye ana leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mifumo ya Taifa ya Malipo ya 2015. Kwa maana nyingine mkopeshaji asiye na kibali anapitisha pesa zake kwenye bomba la mtu mwenye kibali, kila siku, pesa inaingia na kutoka, kila muamala una saa, tarehe na jina la mpokeaji. Nani anaweza kusimama akasema hawa watu hawajulikani walipo?

Laini zinazotukana ni hivyo hivyo. Tumesahau Januari 2020? Nchi nzima ilikuwa kwenye foleni ya kusajili laini kwa alama za vidole. Wazee wa vijijini Chamwino na Bahi, vidole vimechakaa kwa jembe mpaka mashine haisomi, walikuwa wanarudishwa na kuambiwa wajaribu tena. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu, matapeli hawatakuwa na pa kujificha. Basi huyo anayemwita mama wa watu mwizi ana laini yenye alama za vidole vyake. Tuma hiyo meseji 15040, namba ambayo TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wametupa ya kuripoti utapeli, halafu laini izimwe na mwenye vidole aitwe kituoni. Kwa nini inashindikana?

Ninachotaka ni agizo moja la Benki Kuu kwa kampuni zote za pesa za simu na wote wanaounganisha malipo: hakuna kumfungulia mkopeshaji njia ya kutoa wala kupokea pesa bila kibali cha kukopesha kidijitali mkononi. Aliyefunguliwa tayari, akilalamikiwa, namba yake inasimama mpaka ajieleze. Mkopeshaji asiyeweza kupokea marejesho hana biashara, abadilishe jina mara mia. Na aliyempa njia alipe faini kubwa, kwa sababu yeye anakula makato kwenye kila muamala. Sisi tunasifiwa kila mwaka kwenye taarifa kwamba tumeingia kwenye mfumo rasmi, utafiti wa FinScope wa 2023 ulisema ni asilimia 76 ya watu wazima kutoka 65 mwaka 2017. Mfumo huo huo ndio unaopitisha hii damu. Kenya walitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022, na 2023 kamishna wao wa data akampiga mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi milioni 5 za kwao kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Inawezekana.

Najua watakuja wa "kopa ulipe, nani alikulazimisha". Nawajibu kabisa. AMELIPA. Aliuza gunia la karanga alilokuwa anatunza hadi bei ipande, akalipa yote na faini ya kuchelewa juu. Kundi la WhatsApp mpaka leo halijafutwa. Na deni ni la watu wawili, mkopeshaji na mkopaji. Mchungaji amekopa nini? Mwalimu amekopa nini? Yule mtoto yuko bwenini, mwalimu wake anajua mama yake anaitwa mwizi. Hilo nalo ni marejesho?

Na wa "si aende benki" nao wakae hapo hapo. Benki inataka hati. VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ni zamu, na zamu yake ilishapita. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) haina riba, ni kitu kizuri sana, lakini ilisitishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Wizi ulikuwepo, marekebisho yalihitajika, sikatai. Lakini kwa muda wote huo mjasiriamali alikuwa anaambiwa asubiri utaratibu mpya, huku simu inamwita imkopeshe kwa dakika tano. Hata leo imerudi, ni ya vikundi na makaratasi, haimsaidii mtu anayetakiwa kununua godoro kabla ya Jumatatu.

Kinachoniuma zaidi ni umbali. Bunge liko hapa. Wizara ya Fedha iko Mtumba. Benki Kuu ina ofisi hapa hapa mjini. Waheshimiwa wanapita barabarani wakienda kupitisha bajeti, na wasaidizi wao wananunua karanga kwenye meza ya huyu mama. Hakuna nchi ambayo kilio cha soko kina njia fupi ya kufika kuliko hapa.

Tumeshatunza kila kitu: skrinishoti za meseji na za kundi, namba zilizopiga, muamala ulioingia, muamala aliolipa na jina la kampuni lililotokea alipolipa. Tunapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu. Kama kuna mtu humu amewahi kufungua malalamiko kwenye ofisi hizo, aweke hatua: ulianza na fomu gani, ulionana na nani, ulijibiwa baada ya muda gani, kundi lilifutwa au la. Walioko Dodoma mliofanyiwa hivi, hasa wanachuo wa UDOM maana nasikia huko ndiko kumeungua, njooni PM (ujumbe wa faragha) tupeleke kwa pamoja, wasije wakasema ni kesi ya mtu mmoja.

Na ninyi mnaoandika habari za biashara, hiyo namba ya malipo ninayo. Anayetaka kuifuatilia mpaka ajue mwenye nayo ni nani, nampa leo.