Mliosoma au kufanya kazi Misri: ubaguzi na ukarimu wa kule, tupeane uzoefu

Binti Mkoani:
Mdogo wangu kapata nafasi chuo kikuu cha Al-Azhar, Cairo, anaondoka mwezi ujao. Jana kanipigia kaniuliza swali moja tu: dada, kule wanatubagua? Nikanyamaza maana vilinijia viwili kwa mpigo, watoto wa mtaani wananifuata nyuma "shokolata, shokolata", na yule mama wa mkate ambaye miaka minne hajaniacha nipange foleni, ananivuta mkono mpaka mbele anasema mgeni huyu. Sasa nimwambie lipi? Mliokaa kule semeni.

Mdau wa Abbasiya:
Mimi miaka sita pale Madinat al-Bu'uth, mabweni ya wanafunzi wa kigeni wa Al-Azhar, sijabaguliwa hata siku moja. Wengi mnaenda hamjui Kiarabu, mtu akicheka na mwenzake mnadhani mnachekwa nyie.

Kijana wa Likoni:
Ndugu yangu, ukiwa ndani ya geti na Wanigeria na Waindonesia wenzako wanafunzi utabaguliwa na nani? Mi nilikuwa napanda basi la Nasr City, mtaa wa Cairo, jioni, limejaa watu wamening'inia, na kiti cha pembeni yangu kitupu mpaka nashuka. Hiyo haihitaji Kiarabu.

Mdau wa Abbasiya:
Msiwachafue Waislamu wenzetu.

Kijana wa Likoni:
Nani kataja dini hapa? Nimeswali nao bega kwa bega, nikitoka mlangoni viatu sijavaa bado naitwa "abdi". Neno hilo hata Kiswahili tunalo, mtumwa, maana yake unaijua.

Mama Nasra:
Mie nilikuwa sitaki kuandika lakini mmenitonesha. Tulipanga Hayy Ashir, mtaa wa Cairo, na tangu vita ya Sudan ianze Aprili 2023 watu walikuja wengi, kodi zikapanda, na mtu mweusi yeyote akawa Msudani aliyekuja kuwamalizia nyumba. Usiku mmoja wa Januari, baridi ile ya kuingia mifupani, natoka famasi nimembeba Nasra mgongoni kwa kanga, homa imempanda. Wavulana kama sita wakaanza "Shikabala, Shikabala", yule mweusi aliyekuwa mchezaji wa timu ya Zamalek, mtu wa Aswan kusini mwa Misri, jina lake wameligeuza tusi la kila mweusi. Nikapita kimya. Mmoja akavuta kanga. Fundo likafunguka, mtoto akateleza, wallahi nimemdaka mguu mmoja, kichwa kimebaki shubiri moja kufika lami. Nilipiga ukunga mpaka madirisha yakafunguliwa. Akatoka bawabu wa jengo la jirani, mzee wa kanzu, akamkamata yule mvutaji shingoni akampandisha kwao ghorofa ya tatu. Mama mtu akashuka na kandambili, akamzaba mwanawe kofi, halafu akakaa kwenye ngazi akalia yeye. Asubuhi kaja na sufuria ya supu ya adesi na ndimu zimekatwa tayari. Na huyo bawabu ni mtu wa Aswan, mweusi kuliko mie. Kanambia ana miaka thelathini Cairo na mpaka leo wanamwita vilevile, tena yeye kwao.

Juma hilohilo mwenye nyumba akatwambia tuhame.

Chausiku:
Nipo kazini nimelia. Mtoto alipona?

Mama Nasra:
Alipona, alhamdulillahi. Kiarabu cha kule anakiongea kunishinda.

Msafiri88:
Misri afadhali. Mie Tunis, Februari 2023, rais alisema wahamiaji weusi ni njama ya kubadilisha watu wa nchi, tukaambiwa wanafunzi tusitoke nje, wiki nzima makaroni na chumvi. Na sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi wanayo tangu 2018! Lakini tarehe 25 Watunisia wenyewe waliandamana katikati ya mji kututetea, hilo nalo nalisema.

Mdau wa Abbasiya:
Uzi ni wa Misri mkuu.

Chausiku:
Muacheni aseme, maumivu hayana mpaka.

Fundi Salum:
Ramadhani je? Adhana ya Magharibi ikukute barabarani, vijana wamesimama katikati ya magari wanakurushia tende na juisi dirishani, hawakuulizi umetoka wapi. Dada mwambie mdogo wako ajifunze ammiya, Kiarabu cha mtaani, kile cha madrasa ukikiongea sokoni wanakuona unahutubia Ijumaa. Akitukanwa ajibu "haram aleik", yaani huoni vibaya, kwa sauti, watu wa pembeni watamsaidia.

Kijana wa Likoni:
Asijibu! Aweke earphone apite zake. Siku ukimjibu mwenye kisu je?

Mama Nasra:
Mie nasema kabla hajakagua maji na umeme, amkague bawabu.

Mdau wa Abbasiya:
Mama Nasra pole sana. Hilo la kanga sikuwahi kulisikia.

Binti Mkoani:
Nimempigia nimemsomea yote. Kanyamaza, halafu kauliza, huyo mzee bawabu yuko jengo gani?

Mama Nasra:
Alikuwa anasema atarudi Aswan, sina hakika kama bado yupo. Njoo inboksi nikuelekeze.