Nimekufa mbele yake, badala ya kuwasha ubani akatoa KAMERA

Mzee wa Tochi (mleta mada), saa 7:42 usiku

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Jina simtaji. Mnamjua. Ni yule yule mwenye maiki inayokoroma kama mashine ya kusaga, tunayeingia naye Phasmophobia, lile gemu la kuchunguza mizimu, kila Ijumaa, na kila Ijumaa tochi yake ni ya kuazima.

Tulikuwa wanne, Tanglewood, ile nyumba ambayo hata aliyeanza leo anatoka mzima. Ushahidi wa aina mbili tumeshapata: chumba cha mtoto baridi iko chini ya sifuri, pumzi zinatoka moshi, na taa ya zambarau imeonyesha alama za vidole mlangoni. Umebaki wa tatu tu, tuandike aina ya mzimu kwenye daftari twende zetu. Ubani, ule wa kuuzubaisha mzimu ukija, alikuwa nao yeye. Kibiriti alikuwa nacho yeye. Vyote nilinunua MIMI, nikamkabidhi kwa sababu alisema "niamini kaka".

Tochi zikaanza kupepesa. Mlango wa mbele ukajifunga. Kila mtu anajua hapo unafanya nini: unafunga mdomo na kuzima kila kinachowaka, maana mzimu ukiwa mawindoni unafuata sauti na unafuata vyombo vya umeme. Nikakimbilia kabati. Yeye yumo tayari! Namnong'oneza, "Washa ubani." Ananijibu kwa sauti ya mnadani, "SUBIRI NATAFUTA KITUFE!" Kitufe! Miezi minane tunacheza!

Nikafa. Sawa, kufa kupo. Sasa sikilizeni. Nimesimama juu ya mwili wangu, nawaona wote na nawasikia wote, wao hawanisikii. Bwana yule anatoka kabatini taratibu, anatoa KAMERA. Akarudi hatua mbili, akachuchumaa ili apate na miguu, akanipiga picha maiti. Akasema, "Hii nyota tatu." Nyota tatu, ubani mzima upo mfukoni! Kitufe cha ubani hakijui, cha kamera anakijua!

Vifaa vyangu vimepotea vyote. Yeye picha ya maiti imemlipa. Na sasa hivi ameitupia kwenye grupu, kaandika "Pumzika kwa amani mzee wa makelele". Mimi! Makelele mimi! Aliyechuchumaa ni nani?

Dada wa Chang'ombe
Pole sana mkuu. Ila hiyo picha iweke hapa tuone kama kweli ni nyota tatu.

Nahodha_88
Mleta mada umefia Tanglewood, nyumba ya chekechea, halafu una nguvu za kufungua uzi? Ubani wako ungekaa nao mwenyewe.

Mzee wa Tochi
@Nahodha_88 mtu anabeba vitu vitatu tu! Nilikuwa na tochi, kipimajoto na mita ya kunasa dalili za mzimu. Ningeshika ubani kwa meno? Na shida yangu siyo kufa. Shida yangu ni KUCHUCHUMAA. Mtu anakufa, wewe unatafuta pembe nzuri!

Kijiko cha Uji
Mimi namtetea. Maiti imeshakuwa maiti, hela iachwe sakafuni?

Mjukuu wa Pemba
Baridi, vidole, na kama mita ingegonga tano basi huyo ni jini. Hapo ndipo ninapogombana na watengenezaji. Kwenye gemu ukizima swichi kuu, mbio za jini zinakwisha. Nani kawaambia jini anategemea umeme? Kijijini kwetu umeme umefika juzi, majini yapo tangu kwa babu wa babu.

Fundi Redio
@Mjukuu wa Pemba kwa umeme wa mtaani kwetu huyo jini angetembea kwa magoti mwaka mzima.

Mama Wawili
Afadhali nyie mnakufa kwa mzimu. Mimi jana nimeingia kwenye gemu na kila kifaa nilichonunua wiki nzima, umeme wa nyumbani ukakata katikati ya kazi. Kuwasha tena, vifaa hakuna. Na haukuwa mgao! Ni mpangaji mwenzangu, simtaji, anapiga pasi saa sita usiku kwa luku ya kuchanga. Shati moja dakika arobaini.

Kijiko cha Uji
Wako anapiga pasi. Wetu anachemsha maharage kwenye jiko la umeme. MAHARAGE wakuu.

Fundi Redio
Yaliyolowekwa au makavu?

Kijiko cha Uji
Makavu! Anawasha saa moja jioni, mpaka taarifa ya habari inaisha bado yanagonga kifuniko. Ukimuuliza anasema "kidogo tu yameiva".

Dada wa Chang'ombe
Makavu kwa luku ya kuchanga? Huyo ndiye wa kufungiwa kabatini na mzimu.

Mama Wawili
Na pasi yake haina hata kidhibiti joto, inakula moja kwa moja.

Mzee wa Tochi
Jamani. Maiti yangu. Alichuchumaa.

Nahodha_88
Subiri kidogo mkuu. @Kijiko cha Uji, hiyo luku mnachanga kwa chumba au kwa kichwa?