Ulinganisho: boti ilale wapi mvua ndefu ikianza, na trela itengenezwe na nani? (Kisumu na Naivasha)

Ndoana_Milimani

Wadau, salamu. Mvua ndefu inabisha hodi, na upepo wa jioni umeanza kusukuma gugu maji mpaka mdomoni mwa ghuba, kwa hivyo mimi natundika mshipi hadi Juni hivi. Boti ni ya faiba, mita tano, injini ya nguvu farasi 40. Kwa sasa iko ufuoni Dunga, Kisumu, juu ya trela iliyoundwa hapa hapa mjini. Trela yenyewe ni mgonjwa: gurudumu la kushoto linalia, taa moja imekufa, na kuna ufa pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu.

Nafasi nilizopata ni hizi. Kuiacha Dunga nje, chini ya mlinzi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo), ndiyo bei nafuu. Klabu moja kando ya ziwa ina banda lenye paa, ila bei yake ni mara tatu. Rafiki ana godauni upande wa viwandani, pakavu kabisa, lakini mlango hufunguliwa siku za kazi tu. Au niilete nyumbani, uwanja upo, paa hakuna, na mama watoto ameshatangaza kwamba kamba yake ya nguo haihamishwi.

Kuhusu trela, welda wa jua kali pale Kibuye anasema niilete ilivyo, boti ikiwa juu, atamaliza kwa siku moja. Mwingine anataka kuniuzia ekseli nzima mpya. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Mbuta_Mkubwa

Dunga, bila kufikiri mara mbili. Ng'oa injini uende nayo nyumbani, toa betri, mengine mwachie mlinzi. Mtu haibi ganda la faiba mchana kweupe mbele ya watu wanaojuana tangu utotoni. Na ukitaka fundi wa kuziba mikwaruzo, huu ndio wakati wake: uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, mafundi wengi wa boti wanakuwa na nafasi.

NyarDunga

Omera Mbuta, umejibu habari ya wizi, na hakuna aliyeuliza habari ya wizi. Mimi nimezaliwa hapo. Kinachoua boti Dunga miezi hii ni maji ya juu na maji ya chini.

Ya juu kwanza. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja mraba ni lita moja. Boti ya mita tano kwa mbili ina karibu mita kumi mraba. Ile dhoruba ya jioni tunayoijua, ya radi na upepo, ikimwaga milimita 40 tu, ndani ya boti isiyofunikwa kuna kama lita 400. Hizo ni kilo 400, na zimekaa juu ya springi na juu ya ule ufa wako. Turubai likilegea katikati ni yale yale, limekuwa karai. Na maji yaliyotuama yanazaa mbu, huku kwetu ambako malaria haina likizo.

Ya chini: Mei 2020 Victoria ilipanda ikavunja rekodi iliyokuwapo tangu 1964. Waliokuwa wameegesha "mbali na maji" walijikuta ndani ya maji. Ukiamua Dunga, basi pandisha juu kabisa, pua ya boti iinuke, kizibo cha nyuma kitolewe na kifungwe kwenye usukani kwa kamba ili mtu asishushe boti Juni bila kukirudisha.

Ndoana_Milimani

Dada, hilo la lita 400 limenitoa Dunga. Kwa hivyo ni klabu au godauni?

Beringi_Tu

Ndugu, umeuliza maswali mawili, na la pili linatangulia la kwanza. Huwezi kuihamishia boti popote, iwe klabu au godauni, kwa trela inayolia na yenye ufa mkononi. Tengeneza trela hapo Dunga ikiwa tupu, ndipo uchague mahali pa kulala.

Kumpelekea welda trela na boti juu, hapana. Cheche zinaangukia faiba na tangi lenye mvuke wa petroli. Halafu fremu iliyobeba mzigo imejipinda kidogo, ukiichomelea hivyo unaufunga ule upinde ndani yake milele. Mwambie pia akwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae, achimbue ufa wote kwa grainda, achomelee, kisha aweke bamba la kuimarisha pande zote mbili. Akipaka tu chuma juu ya ufa kama lami juu ya shimo la barabara, utarudi kwake. Ikiwa fremu ina zinki, lazima zinki ikwanguliwe kwanza, moshi wake humtia fundi homa usiku. Maziwa wanayokunywa mafundi ili kujikinga hayazuii kitu.

Ukiwa hapo, gonga mabomba ya mraba kwa nyundo ndogo kote. Yanaoza kutokea ndani. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya mkebe wa karatasi. Toboa matundu madogo sehemu za chini ili maji yatoke.

Sasa huo mlio. Inua upande mmoja kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekufa. Lizungushe taratibu kwa mkono: ukisikia msago wa mchanga, usihangaike kuziosha, badilisha. Toa habu (kitovu cha gurudumu), panguza, utaona namba imechorwa kwenye pete ya beringi. Trela nyingi ndogo utakuta LM11949 nje na L44649 ndani, lakini zetu zimeundwa kwa habu za magari ya kila aina, kwa hivyo usikariri, soma yako. Beba ile ya zamani mkononi uende nayo duka la spea, pamoja na kikombe chake, ile pete ya nje ambamo beringi huzunguka, maana beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni pesa ya kutupa. Sili ya mpira ni mpya kila unapofungua. Jaza grisi isiyooshwa na maji mpaka ipenye kati ya rola zote kutokea upande wa pili. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, kisha irudishe kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru bila kucheza, weka splitipini mpya.

Ekseli mpya huihitaji ila kwa sababu moja: ile ncha inayokaa beringi ikiwa imechimbika au imegeuka bluu kwa joto. Ikiwa laini na rangi yake ni ya kawaida, anayekuuzia ekseli anataka karo ya shule.

Mbuta_Mkubwa

😂 Huyo muuza ekseli namjua kwa sauti. Lakini mzee Beringi, mbona zangu hufa kila mwaka na grisi natia?

Beringi_Tu

Unatoka mjini mpaka majini bila kusimama, sivyo? Habu inakuwa ya moto. Unaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia sili. Ukifika, kaa nusu saa. Funga kamba, tia petroli, piga hadithi. Gusa habu, ikiwa imepoa ndipo ushushe. Na chomoa plagi ya taa kabla trela haijaingia majini, hiyo ndiyo iliyomuulia Ndoana taa yake, nina hakika.

Ndoana_Milimani

Sawa kabisa, ila tatizo: nitaishushaje boti kwenye trela hapo nchi kavu? Kreni sina.

Mbuta_Mkubwa

Hapa nina la kusema. Matairi mabovu ya gari manne au matano na watu wanne. Panga matairi chini nyuma ya trela. Injini ishatoka, tangi tupu. Inua mkono wa mbele wa trela ili nyuma iiname, telezesha boti mpaka kitako kikalie tairi la kwanza. Funga kitako kwa kamba kwenye mti au nguzo. Sasa trela ndiyo inayovutwa mbele polepole na gari, boti inabaki, na vijana wanaingiza tairi jingine chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) kila inapotokea. Uzito ukalie mkuku na chini ya ubao wa injini, usikalie katikati ya ubavu. Faiba haipendi kusukumwa sehemu moja kwa miezi.

Bass_Naivasha

Hodi kutoka Naivasha. Huku tunavua bass na msimu wetu wa kulaza boti ni huo huo, ila adui yetu wa kwanza ni jua. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, nyinyi mko kama 1,130. Jua la huku linachubua turubai la plastiki la bei rahisi likawa unga kabla ya mwaka kuisha, na tairi za trela zinapasuka ubavuni zikiwa bado na meno yote. Angalia tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ndefu ya tairi: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la trela huzeeka kabla halijaisha. Likipita miaka sita, mimi silisafiri nalo hadi Nakuru, hata liwe zuri vipi machoni. Wakati wa kulaza, weka trela juu ya mawe imara ili tairi zisibebe uzito, na uzifunike kwa magunia.

Klabu na hoteli za kando ya ziwa huku ni nzuri kwa sababu ya paa, lakini uliza banda liko wapi hasa. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka mtaa wa Kihoto ukazama, na ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini bado inakuonyesha ufuo ulikuwa wapi. Pia huku usiku kuna viboko wanaopanda kula nyasi. Kiboko akitaka kupita palipo na trela yako, atapita.

Kwa bei mara tatu, mimi ningelipa klabu ikiwa tu wananiruhusu niingie na fundi wangu. Nyingi hukataa fundi wa nje. Hilo ulize kabla ya kulipa.

NyarDunga

Kweli kabisa. Na hata wakikubali, uliza kama mtu anafungua turubai kila wiki kuingiza hewa. Paa peke yake halizuii ukungu.

Msafiri_Busia

Natetea godauni. Pakavu, hakuna jua, hakuna mvua, na kwa rafiki yako huenda ni bei ya soda. Lakini kuna wapangaji wawili wasiolipa kodi: panya na mchwa. Panya hula bomba la petroli na waya za taa. Toa viti vya sponji, toa majaketi ya kuokolea, usiache hata punje ya chambo, na vizibe vitundu vya waya kwa chuma cha kusugulia sufuria. Mchwa watapanda kwenye zile mbao za trela zinazolaza boti, hasa ukiwa umezivisha zulia, wanafanya kazi chini yake huoni. Usiruhusu mbao yoyote iguse sakafu au ukuta, na kagua njia zao za udongo kwenye magurudumu.

Tangi la petroli lisiingie godauni. Litoe kabisa. Endesha injini nje kwenye pipa la maji, chomoa bomba la petroli, iache izime yenyewe ili kabureta ikauke, petroli iliyolala humo huacha utando unaoziba matundu. Maji ya Victoria si ya chumvi, lakini mchanga na vipande vya gugu maji hukaa kwenye njia za kupozea, hivyo iache injini inywe maji safi kwanza. Kisha fungua skrubu ya chini ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili ibadilishwe sasa na si siku ya kushusha. Injini ilale wima.

Bass_Naivasha

Na nyumbani? Mbona hakuna aliyeitetea?

NyarDunga

Kwa sababu ya kamba ya nguo 😄 Bila utani, nyumbani ni pazuri kuliko klabu ukiweka mabati mawili matatu juu ya nguzo. Unaiona kila siku. Ila yeye hana paa, na mvua haingoji fundi.

Ndoana_Milimani

Basi nimeshika. Jumamosi natelezesha boti kwenye matairi hapo Dunga, trela tupu inaenda Kibuye, beringi nabadilisha mwenyewe na namba mkononi. Ekseli sinunui. Ikirudi napakia boti naipeleka godauni, injini inabaki nyumbani stoo. Kuchovya fremu yote kwenye zinki huko Nairobi kuna maana?

Beringi_Tu

Kwa maji ya huku yasiyo na chumvi, hapana. Ungekuwa Kilifi ningesema ndiyo. Wewe brashi ya waya, redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, rangi juu, inatosha. Na namba ya trela, ile inayoanza na Z, usiifunike kwa rangi. Kisha kagua taa zote kabla hujaingia barabarani, polisi wataanza nazo.

Msafiri_Busia

Swali dogo kabla hujapakia: mlango wa godauni una upana gani?

Ndoana_Milimani

Mita mbili na nusu. Boti ni mbili.

Msafiri_Busia

Pima trela, nje ya madigadi mpaka nje ya madigadi, na si boti. Halafu pima na urefu wa juu, kioo cha mbele kikiwa kimesimama.

Ndoana_Milimani

Nimetoka kupima sasa hivi. Upana inapita, kiganja kila upande. Kioo lazima kifunguliwe.