Pemba, Mafia au Lamu: ni kisiwa gani kinamfaa mama mwenye umri wa miaka 70?

Karani wa Bara

Salaam, wanajukwaa. Mwishoni mwa Januari nitapata likizo ya siku 7, nami nimekusudia kwenda kisiwani pamoja na mama yangu, ambaye ametimiza miaka 70 na hajawahi kulala mahali ambapo bahari inasikika kutoka kitandani. Hatutafuti muziki wa usiku wala ziara za kila siku. Tunataka kuamka bila haraka, kutembea kidogo ufukweni, kusoma na kulala tena. Nimebaki na majina matatu, yaani Pemba, Mafia na Lamu. Mama anasumbuliwa na magoti, kwa hiyo kupanda na kushuka chombo ndilo jambo linalonitia wasiwasi kuliko gharama. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie.

Mpenda Vichochoro

Ndugu Karani, Lamu ninaipenda sana, lakini itakufaa tu ikiwa mama anafurahia kuishi katikati ya watu. Mji Mkongwe wake, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda na mikokoteni hupishana na wapita njia tangu alfajiri. Utulivu wa ufukweni uko Shela, umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mjini, ambako mchanga unaendelea kwa kilomita kadhaa chini ya vilima vyake. Hata hivyo, uwanja wa ndege uko katika kisiwa cha Manda, hivyo ni lazima mvuke kwa mashua na kupanda ngazi za gati, tena safari za kwenda mjini na kurudi Shela nazo kwa kawaida ni za mashua. Kwa magoti ya mama, hilo lihesabiwe mapema.

Binti Karafuu

Mwenzangu ameligusa jambo lenyewe. Pemba ina sifa moja isiyotajwa sana: mkishuka katika uwanja wa ndege ulio karibu na Chake Chake, gari linaweza kuwafikisha mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni, hata iwe kaskazini kabisa upande wa Ras Kigomasha, bila mama kukanyaga chombo chochote. Barabara hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu, na kabla ya kufika ufukwe wa Vumawimbi inapita ndani ya msitu wa Ngezi, penye kivuli kizito kiasi kwamba mchana hufanana na jioni. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, huishi katika misitu ya kisiwa hiki. Mwombe dereva asimame mahali popo hao wanapolala. Mama atawatazama kwa raha akiwa chini ya mti.

Nisifiche upungufu. Fukwe za Pemba ziko mbali na miji, usafiri wa umma wa kufika huko ni mchache, na asiyependa upweke anaweza kuchoka siku ya tatu. Ninyi mmeeleza kwamba upweke huo ndio mnaoutafuta.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu Karani, mpe mama yako shikamoo yangu. Mimi nitasema juu ya Mafia, na zaidi juu ya maji, kwa sababu wageni wengi huchagua kisiwa kwa picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa, kisha wanasononeka wanapokuta tope na mikoko.

Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Ghuba ya Chole, ambayo nyumba nyingi za wageni za kijiji cha Utende zinaielekea, hukauka sehemu kubwa wakati huo, na mashua hulazimika kutia nanga mbali, hivyo abiria hutembea majini, pengine juu ya mawe yenye utelezi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali na shida hiyo hupungua sana. Basi angalia mwezi kabla ya kukata tiketi, kokote mtakakokwenda.

Kwa upande wa uzuri, Mafia haina mpinzani kwa mtu anayeingia majini. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini Tanzania, ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na kila anayelala ndani ya mipaka yake hulipa kiingilio. Kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe, yule samaki mkubwa mno asiyedhuru watu, huja karibu na mji wa Kilindoni kula uduvi na dagaa. Lakini kumwona ni kazi ya mashua, na kuogelea naye ni kuruka baharini. Mama atabaki kukusubiri.

Mlinzi wa Kasa

Ninaongeza neno moja tu. Msiahidiwe vitoto vya kasa vya Juani, kisiwa kidogo jirani na Mafia, mwezi Januari, kwa maana huko mayai huanguliwa zaidi katikati ya mwaka. Na atakayekwenda kwa potwe asimguse, wala asikubali nahodha amzingire mnyama kwa mashua.

Karani wa Bara

Nawashukuru nyote, na Mzee Nahodha, salamu zimefika. Mama anajibu marahaba. Nimekwisha kuamua: tutakwenda Pemba kwa ndege, na Mafia nitakwenda siku nyingine peke yangu. Nimeangalia mwezi na kusogeza safari kwa siku 4 ili tukute maji mafu. Je, kuna jambo lingine la kuuliza kabla ya kulipia chumba?

Binti Karafuu

Liko, tena kubwa. Huku kaskazini baadhi ya nyumba za wageni zimejengwa juu ya majabali ya matumbawe, na njia ya kwenda ufukweni ni ngazi ndefu. Piga simu uulize ngazi ni ngapi na kama zina mahali pa kushika. Wakikujibu kwamba ni chache, waombe wazihesabu wakutajie idadi.