Kuongeza masaa ya shule, tuanzie wapi?

mwl_chaki: Habari wadau, shuleni kwetu tunataka kuongeza lisaa limoja kila siku ili watoto waelewe zaidi, ila naogopa tusije tukawachosha bure, mliowahi kufanya hivi mlipangaje?

mama_wawili: Mwalimu, hiyo saa watafanya nini? Wangu wa darasa la nne aliongezewa muda, kazi ikawa kunakili ubaoni tu, anarudi kalamu imemchubua kidole na ukimuuliza ameandika nini hajui. Iliniuma sana.

hesabu_kwanza: Chicago mwaka 2012 shule za msingi zilitoka masaa 5 na dakika 45 zikaenda 7, na ubishi ulikuwa huohuo, muda ujazwe na nini na walimu walipweje. Sisi tuliweka vikundi vya kusoma, watoto watano watano, kila mmoja anasoma kwa sauti mwalimu anasikiliza anapokwama, na kabla ya hapo nusu saa ya kula na kucheza, hiyo usiikate kabisa jamani.

mwl_chaki: Asanteni sana, hilo la watano watano nalibeba. Ngoja nikaongee na wenzangu kuhusu zamu, maana mwalimu mmoja hawezi kushika kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho.